Maji Meusi ya Amisa

Faradji alikuwa na pua kubwa na malalamiko makubwa zaidi. Mimi nilikaa ng'ambo ya njia, kwa hiyo niliyasikia yote bure. Hii ni Kasongo ya zamani, kabla Wabelgiji hawajafika, wakati mizigo ya misafara ilipokuwa ikifungwa kwa kamba za Amisa, jirani wa Faradji.

Amisa alikuwa mjane. Alichemsha maganda ya migomba katika maji ya majivu mpaka nyuzi zikalainika, kisha akazisokota kamba. Kilichobaki chunguni kilikuwa maji meusi yenye harufu ya kukufanya utamani mafua. Aliyamwaga mferejini, na mfereji ulipita mlangoni kwa Faradji.

Siku moja Faradji akachoka. Alikata ndimu zake, akazirusha juu ya ua hadi ndani ya chungu kilichokuwa kinapoa, eti kuua harufu. Harufu haikufa. Lakini maji yaliganda kama maziwa yaliyochacha, weusi wote ukazama chini ukawa tope, na juu yakabaki maji ya rangi ya asali. Mtu mwingine angetukana. Amisa alilichota lile tope, akaliosha, akalianika, akalisaga, kisha akalikoroga na maji kidogo ya majivu na utomvu wa mti. Akachovya kijiti, akachora mstari kwenye kibao. Ulikuwa wino, tena mzuri.

Mwaka ule wino na zafarani ya kuandikia vilikwama Kabambare pamoja na msafara, kwa sababu ya mvua. Mwalimu Alimasi, aliyefundisha watoto Kurani na kuamua kesi zetu za mtaa, alikuwa amebaki na kalamu kavu. Amisa akampelekea kibuyu kizima. Mwalimu alipouliza wino umetoka wapi, akaambiwa kwa Mungu na migombani, naye akaridhika.

Wiki mbili baadaye Faradji akapeleka mashtaka. Alisema maji yale ni najisi, yanamrukia kanzu, na sala zake zinaharibika. Alitaka Amisa ahame na chungu chake, aende ng'ambo ya mto. Mwalimu akasema atatoa hukumu Alhamisi, na kama ni najisi kweli, mama ahame kabla ya Ijumaa. Nilimhurumia Amisa, kwa sababu hakuwa na ndugu wala nyumba nyingine.

Alhamisi tulijaa barazani. Faradji akasema yake kwa kirefu. Amisa akamwomba arudie mbele ya watu wote kwamba maji yale ni najisi. Akarudia, kwa furaha. Ndipo mama akamuuliza, kwa upole kabisa, hali ya tumbo lake.

Nani hakujua habari za tumbo la Faradji? Lilikuwa limejaa kwa mwezi mzima, mpaka Mwalimu alipomfanyia kombe: aliandika aya kwenye sahani, akaziosha kwa maji, akampa anywe. Asubuhi tatu mfululizo. Faradji alitangaza mtaa mzima kwamba hajawahi kunywa dawa tamu kama ile.

Amisa akasema, "Ile wino ya kombe, Mwalimu, ilitoka mu chungu yangu. Ni ile maji nyeusi."

Mwalimu alizitazama mbao za watoto zilizopangwa ukutani, zote zimejaa aya kwa wino uleule, akajifuta vidole polepole. Kisha akamgeukia mshtaki.

"Faradji, ile maji iko najisi, ao haiko?"

Faradji alishika tumbo. Nilimwona akipima: akisema ni najisi, basi ameinywa mara tatu akisifu; akisema siyo, hana kesi.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "miye nilisema inanuka tu."

"Kunuka haiko kosa. Hata samaki inanuka, na tunakula. Mama Amisa, rudia ku kazi yako."

Tulicheka mpaka njiani, na Amisa alicheka kuliko sisi sote. Alipofika uani kwake alikaa chini kando ya chungu, akalia. Akaniambia alikuwa ameshafunga mkeka na nguo zake, na hakujua angelala wapi. Nilichukua mwiko, nikakoroga badala yake mpaka alipomaliza kulia.