Mama Waya na Mkurugenzi wa Simu

Siku laini ya simu ilipokatwa, Mama Waya alikuwa amesimama juu ya meza, kichwa kimezama ndani ya dari. Jina hilo walimpa wahudumu wa chuo, na si kwa sababu ya mtoto, maana mtoto hakuwa naye. Ni kwamba haikupita wiki bila kumkuta akiburuta waya kutoka jengo hili hadi lile, watu wakijikwaa na kumlaani kimoyomoyo. Alikuwa mhadhiri wa uhandisi, na chumba chake kilikuwa stoo ya zamani ya maabara ya kemia, iliyonuka yai viza hata uideki vipi. Humo ndimo nchi nzima ilimopokelea barua pepe zake.

Kusema nchi nzima si kutia chumvi. Wenye barua pepe enzi hizo walikuwa wa kuhesabika: madaktari wa hospitali kuu, wahadhiri, watu wa utabiri wa hali ya hewa, na wazazi wenye watoto waliosoma ng'ambo. Barua zao zilijikusanya kwenye kompyuta moja, na kila jioni modemu, kile kidude cha kuifanya kompyuta ipige simu, iliita ng'ambo, ikazimwaga zote kwa mkupuo na kuzoa zilizokuja. Laini yenyewe ilikuwa ya kuchangia na ofisi ya mhasibu. Mhasibu akinyanyua simu kuulizia chaki, nchi inakatika. Mama Waya alimwomba, akambembeleza, mwishowe akaifunga simu ile kwa plasta iliyoandikwa USIGUSE. Mhasibu akaibandua, akasema yeye si mtoto mdogo.

Lakini safari hii mhasibu alikuwa hana kosa. Laini ilikuwa imekufa fofofo. Mama Waya alishuka mezani, akaenda getini kwa mlinzi, akapiga simu shirika la simu. Huko alijibiwa kwa adabu zote kwamba laini imefungwa kwa amri ya mkurugenzi mkuu, kwa kosa la kuunganisha kifaa kisichoidhinishwa.

Mkurugenzi mkuu alikuwa kaka yake, tumbo moja, ziwa moja.

Ndiye aliyemfundisha kufungua redio na kuirudisha bila kubakiza skrubu mkononi. Sasa alimweka kwenye benchi la wageni asubuhi nzima, na alipomwita ndani alimweleza, kama anayemweleza mgeni, kwamba kitu kikipita kwenye waya wa simu basi kitu hicho ni simu, na simu ni za shirika. Akileta kifaa kikaidhinishwa, laini itarudi. Mama Waya akakipeleka kitengo cha uhakiki. Wakakifungua, wakakifunga, wakaandika kwamba hiyo ni mashine ya kujibu simu, na kwa kuwa haijibu, ni mbovu. Alipokata rufaa alitumwa idara nyingine, ambako mkuu wa idara alikuwa likizo na ufunguo wa kabati amekwenda nao. Alitoka humo akiwa na hamu ya kumtafuna mtu.

Chanzo cha yote hayo alikijua. Kaka alizitaka zile herufi mbili za nchi zinazokaa mwishoni mwa anwani za mtandao. Kwa miaka zilikuwa chini ya profesa mmoja wa ng'ambo aliyejitolea kuzitunza, ingawa hakuwahi kukanyaga nchi hii hata kwa bahati mbaya. Mama Waya alimwandikia mpaka akakubali kuzikabidhi, na tangu hapo kila aliyetaka jina la mtandaoni alilipata kwenye stoo ya kemia. Kaka alisema hiyo ni aibu kwa taifa. Bila shirika lake, alisema, hakuna litakalokwenda.

Jumapili, kama kawaida, ukoo ulikutana kwa mama yao. Mama alishatoa onyo mlangoni kwamba mambo ya waya yabaki nje na viatu. Wakala, kaka upande huu, dada upande ule, kila mmoja akiiangalia sahani yake kama kitabu alichosahau kukisoma shuleni. Ndipo mke wa kaka, ambaye hakuwa na habari ya laini kukatwa, alipogeuka.

"Wifi, mbona mwanangu haandiki? Aliniambia anaingia kupasuliwa, tangu hapo kimya."

Kaka aliweka kijiko chini. Akauliza nani anapasuliwa, na nani kamwandikia nani. Hapo ikambidi mkewe aseme kwamba binti yao, aliyekuwa masomoni ng'ambo, humwandikia mama yake kila wiki kupitia stoo ya kemia, na kwamba walimficha baba habari ya upasuaji ili asianze kuwafokea madaktari wa watu.

"Laini imefungwa, wifi," alisema Mama Waya. "Muulize mumeo."

Hakuuliza. Alimtazama tu, na mtazamo huo ulimtoa kaka kwenye kiti. Akaenda kwenye simu ya ukumbini, yeye mwenye simu zote za nchi, akapiga bweni la binti yake. Ikaita sana. Mwishowe mtu akapokea, akasema hamjui huyo, akakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Mama yao akasema chakula kinapoa.

Kesho yake asubuhi laini ilikuwa hai. Barua ya kwanza kushuka ilitoka kwa binti: alikuwa mzima, kidonda kinapona, na mbona mama hajibu, amekasirika?

Kaka alikuja mwenyewe kuichukua. Hakuwahi kuingia chumba kile. Alikaa juu ya sanduku la chupa za maabara, akaisoma barua ya mwanawe, akaisoma tena, kisha akaikunja na kuitia mfukoni. Mama Waya akadhani ataomba radhi.

"Laini utabaki nayo," kaka alisema. "Herufi zilete shirikani."

"Hapana."

"Ni za nchi hizo, mdogo wangu. Si zako."

"Nani kasema zangu? Si zangu, si zako. Liundwe baraza la wote wanaozitumia, wazitunze pamoja. Hospitali, chuo, wafanyabiashara, magazeti, na ninyi mkiwemo."

Kaka alicheka, akamwambia kwamba chungu cha wapishi kumi huishia kuungua. Akaondoka. Mama Waya alilipiga teke lile sanduku, akaumia kidole.

Kuliunda hilo baraza kulimla miaka na karibu kummaliza. Vikao vya mwanzo vilikwisha kwa kugombania nani akae mbele. Wizara ya mawasiliano ilituma mtu mpya kila mara, na kila mpya alianza kwa kuuliza, "Kwani mtandao ni nini hasa?" Mama Waya akaanza upya. Alilieleza jambo lile mara nyingi kiasi kwamba aliichoka sauti yake mwenyewe. Na lilipopatikana hatimaye, wajumbe wakasema mwenyekiti awe mtu mzima mwenye jina. Wakamchagua kaka yake, ambaye alikuwa amestaafu shirikani na hana la kufanya nyumbani ila kumpangia mkewe vyombo. Mama Waya wakampa ukatibu. Alitoka nje, akasimama kwenye korido akihema. Kisha akarudi ndani, kwa kuwa kumbukumbu za kikao hazijiandiki.

Waliendelea hivyo, kaka akimkatiza, dada akimrekebisha, mpaka alipoingia kikaoni Waziri wa Ujenzi. Gazeti moja lilikuwa limeandika mtandaoni habari za daraja lililobomoka kabla ya kuzinduliwa, na daraja lilikuwa la wizara yake. Alikuja na walinzi, akabaki amesimama, akataka anwani ya gazeti hilo ifungwe kabla ya jioni.

Mama Waya alikuwa na hoja zake tayari. Akafungua mdomo, na kama kawaida kaka akamwahi.

"Mheshimiwa, huku si wizarani kwako. Kiti hiki ni changu, na mimi siamriwi. Una malalamiko, nenda mahakamani."

Kilikuwa kiburi kilekile kilichomtia Mama Waya wazimu tangu utotoni. Leo alikiandika kwenye kumbukumbu neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri.

Waziri alitishia kulivunja baraza, na wakaitwa mbele ya kamati ya bunge kujieleza. Mbunge mmoja aliuliza kama mtandao hauwezi kufungwa usiku upumzike. Mwingine alitaka kujua umewekwa wapi, akaukague. Mama Waya aliuma meno, akaeleza. Akaeleza tena. Sheria ikaandikwa, na ndani yake kifungu kwamba anwani haitafungwa bila amri ya mahakama. Nakala iliporudi kutoka kwa mpiga chapa, kifungu kilisomeka "itafungwa bila amri ya mahakama". Karani wa bunge akamwambia ni kosa dogo la chapa, litarekebishwa baadaye. Mama Waya akakaa kwenye kiti cha karani, akasema haondoki mpaka alione limerekebishwa. Wakalirekebisha. Ikapita hivyo.

Gazeti halikufungwa. Waziri alihamishiwa wizara nyingine, alikokuwa na mambo mengine ya kuharibu.

Jioni ya siku sheria ilipopita, kaka alimrudisha dada yake nyumbani kwa gari lake. Walikuwa wamechoka, na hakuna aliyempongeza mwenzake. Kwenye mzunguko Mama Waya akasema wamepita njia siyo. Kaka akajibu kwamba yeye aliendesha gari katika mji huu kabla dada yake hajajua kufunga viatu. Wakakwama kwenye foleni ndefu ya malori, injini ikinguruma, joto limejaa ndani.

"Kikao kijacho tunajadili nini?" kaka aliuliza.

"Ajenda nilikupa juzi."

"Sijaisoma."

Mama Waya alifumba macho, akavuta pumzi, akaanza kumsomea kwa kichwa, kipengele cha kwanza.