Mlango wa Mama

Mara ya pili Mama alipoingia nyumba isiyo yake, alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kochi, akaomba maji ya kunywa. Fundi Baiskeli, ambaye nyumba yake imepakana na yetu, alikuwa anakula kifua wazi. Alivaa shati haraka haraka, akamletea maji, akasubiri amalize kunywa, ndipo akasema kwa adabu, "Bi Mkubwa, karibu sana, ila hapa ni kwangu."

Nilipokwenda kumchukua nilimkuta anacheka. "Maji yao ni ya baridi kuliko yetu," aliniambia. Lakini mpaka tunaingia kwetu hakuuachia mkono wangu.

Macho ya Mama yalikuwa yanafifia, na daktari alitueleza bila kuzungukazunguka kwamba hayatarudi yalivyokuwa. Bado aliona mwanga na kivuli, na rangi ikiwa kali. Sura za watu hakuziona tena. Alitutambua kwa sauti na kwa mwendo. Njia ya kutoka nyumba ya ibada hadi mtaani kwetu miguu yake ilikuwa inaijua. Shida ilianza akishafika kwenye safu yetu. Nyumba zile zilijengwa na mtu mmoja kwa kipimo kimoja, na hakuna aliyewahi kuzipaka rangi. Ni lipu ya kijivu, dirisha, mlango wa mbao uliopauka, kisha tena lipu, dirisha, mlango. Hata mimi mwenye macho mazima, nikirudi nimechoka, huwa natafuta pazia letu kwanza.

Mtaa wetu hauna siri. Kabla ya jioni Kaka alikuwa ameshapata habari, akapiga simu.

"Mdogo wangu, imetosha. Safari ijayo ataingia barabarani. Jumamosi nakuja kumchukua. Kwangu kuna lifti, kuna mlinzi, kuna kila kitu."

"Kila kitu isipokuwa mlango wake," nikasema.

"Usinianze."

"Kaka, kwako Mama atakaa kwenye kiti kutwa nzima kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Hapa anakwenda ibadani mwenyewe, anapika, anagombana na watu."

"Anaingia nyumba za watu!"

"Na je, akitoka ibadani akafika mlangoni kwake peke yake? Asishikwe mkono, asielekezwe?"

Kaka yangu ni mkaguzi wa mizani. Kazi yake ni kuzunguka madukani na vyuma vyake vya kupimia. Mizani iliyo sawa anaipiga mhuri, isiyo sawa anaifungia. Ukitaka akusikilize, mpe kitu kinachopimika.

"Sawa," alisema mwishowe. "Jumamosi nitasimama nione kwa macho yangu. Akifika, anabaki. Asipofika, usije ukanililia."

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na upawa mkononi.

"Na mimi nani ameniuliza?"

"Unataka kwenda, Mama?"

"Nyumba hii nimejifunza nikiwa na macho," alisema. "Nyingine nitajifunzaje sasa?" Akarudi jikoni.

Kabla ya kulala nilipiga magoti. Macho ya Mama nilikuwa nimeyaombea mwaka mzima, na ningeendelea kuyaombea. Usiku ule niliomba kitu kidogo zaidi: Mungu wangu, nionyeshe la kufanya kwa hiki hiki nilicho nacho.

Asubuhi tulikwenda wote bombani. Ndoo za watu zilikuwa zimejaa na kupangwa chini, nyingi za buluu na kijani zilizochakaa. Mama aliinama akachukua yake moja kwa moja, bila kupapasa hata moja. Ndoo ya Mama ni ya manjano. Nilibaki nimeshika mpini wa bomba, maji yanamwagika miguuni, mpaka mwenye zamu akauliza kama nimelala.

Nilijifunga kibwebwe. Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, na mshahara wangu nikishautolea chakula na dawa za Mama, kinachobaki hakinunui rangi ya nyumba nzima. Lakini nani alisema nyumba nzima? Mpita njia haoni nyuma ya nyumba wala ubavuni, na Mama anakuja kwa mbele. Nikaamua kupaka ukuta wa mbele peke yake.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi huleta mashati yake kwetu. Nilimwendea nikamweleza shida yangu yote. Akanipeleka nyuma ya duka kwenye kopo kubwa lililojaa vumbi. Mteja aliagiza rangi ya maziwa, mashine ya kuchanganyia ikakosea, ikatoka rangi ya kiini cha yai. Mteja alilikataa palepale.

"Nani atapaka rangi hii nyumba yake?" alisema mwenye duka. "Inapiga kelele."

"Naitaka kwa sababu inapiga kelele," nikamjibu.

Akaniachia kwa bei ya kuniondoa dukani, akaongeza mfuko wa chokaa uliopasuka na brashi moja. Ngazi niliazima kwa Fundi Baiskeli.

Kila nikitoka kazini nilifanya kazi mpaka giza linaingia. Kwanza nilikwangua. Mwenye duka alinionya nisiwe na pupa: pitisha kiganja ukutani, kikitoka na unga, rangi haitashika, itabanduka kama ngozi ya jeraha. Kiganja changu kilitoka na unga, nikasugua tena. Niliosha ukuta kwa brashi ya kufulia, nikauacha ukauke. Mkono wa kwanza wa rangi niliuzimua kwa maji ili ukuta unywe. Mama alikaa chini ya ngazi ameshika kopo, akiomba kwa sauti ya chini, na katikati ya maombi akaniuliza kama pembeni nimefikia.

Wapita njia hawakuninyima maneno.

"Shoga, unaolewa?"

"Hapana, inayoolewa ni nyumba," nikawajibu.

"Hiyo rangi itatutoa macho!"

"Ndiyo kazi yake!"

Mkono wa pili ulipokauka, ukuta wetu ulisimama katikati ya safu ile ya kijivu kama mtu aliyevaa nguo ya sikukuu akaenda nayo sokoni. Watu waliacha njia yao waje kuutazama. Mama alitoka ibadani, nikamsubiri ndani nimebana pumzi. Akafika. Alichelewa kidogo pale nje, kisha mlango ukafunguka.

"Nimeiona tangu kule kwenye kona," alisema. "Kama jua limeegemea ukutani."

Nilimshukuru Mungu mpaka nikakosa sauti. Rangi iliyobaki kwenye kopo nilimpelekea Fundi Baiskeli, shukrani ya ngazi. Nilidhani atapaka benchi lake.

Ijumaa nilirudi kutoka kazini, nikakata kona, nikasimama. Kulikuwa na nyumba mbili za manjano.

Fundi Baiskeli alikuwa nje, brashi mkononi, anatabasamu. "Unaonaje? Nimeizimua kwa maji ikafika kila mahali. Mke wangu alisema tusionekane kama stoo yenu."

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

Tabasamu likamtoka taratibu. Akageuka kuutazama mlango wake mwenyewe. "Nilidhani amekuja kumsalimia mke wangu."

Mama alikuwa kwenye kochi lao. "Na maji nimeshakunywa," alisema. Safari hii hakucheka.

Fundi Baiskeli alijishika kichwa. "Mungu wangu, nimefanya nini? Naikwangua sasa hivi. Leo leo!"

"Hukwangui kitu," Mama alisema. "Nyumba yako imependeza, nimemsikia mkeo akiimba tangu mchana. Huwa haimbi."

Nilimrudisha nyumbani, nikakaa kizingitini. Rangi imekwisha, Kaka anakuja kesho, na aliyeniharibia ni ukarimu wangu mwenyewe. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo, bila kupamba maneno. Mama akaketi kando yangu.

"Mlango wetu una rangi gani?"

"Ule ule wa siku zote. Mbao iliyopauka."

"Basi nikuambie. Ile siku ya kwanza nilifika ukutani, mlango sikuuona. Nilipapasa kama mwizi. Naona manjano tu, pa kuingilia sipaoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi mno, mwanangu." Alinyoosha mkono kuelekea barazani, ambako sufuria letu lililoungua lilikuwa limewekwa juu ya gazeti. "Lile sufuria naliona. Vingine vyote vilivyo hapo sivioni. Rangi peke yake hainisaidii sana. Ninachokiona vizuri ni pale cheusi kinapokutana na cheupe."

Mimi nilipaka nyumba kwa macho yangu. Yake sikuyauliza.

Nilisimama nikaenda kwa Fundi Baiskeli. Nyumba ya mtu anayepaka fremu za baiskeli haikosi rangi nyeusi ya mafuta, na alinipa yote aliyokuwa nayo, kisha akaja mwenyewe na brashi na taa yake ya kazini. Nyeupe tulikuwa nayo kwenye mfuko wa chokaa.

"Chokaa haitashika juu ya rangi," Fundi alisema. "Itamchafua kila atakayeigusa."

"Ishike mpaka kesho," nikasema. "Mengine tutayajua kesho kutwa."

Tuliikoroga nzito kama uji. Nilipaka fremu ya mlango, na nje ya fremu nikazungushia mkanda mpana ukutani, halafu nikateremka kupaka kizingiti na ngazi yake moja ya saruji. Mama alikataa kukaa. "Mlango ni wangu," alisema, akaanza kuupaka ile rangi nyeusi. Alitangulia kwa vidole vya mkono wa kushoto akitafuta ukingo wa mbao, na brashi ikafuata nyuma. Pale alipopaka yeye hapakuwa na pengo hata moja. Pale aliposaidia Fundi, tulirudia.

Jumamosi Kaka alikuja na koti jeusi la kazini na sanduku kubwa jipya. Alitazama nyumba ya kwanza ya manjano, akatazama ya pili, akanitazama mimi.

"Mmezipaka mbili za kufanana," alisema. "Mdogo wangu, una akili timamu?"

"Wewe weka sanduku ndani, usimame tu hapo mlangoni."

Habari zilikuwa zimeenea, kila mlango ulikuwa na watu. Mke wa Fundi aliwapitia mmoja mmoja kidole mdomoni. Ibada ikaisha, na Mama akatokea kwenye kona peke yake, pochi kwapani, anatembea kwa mwendo wake ule ule wa kutoka ibadani. Hakuna aliyekohoa.

Alipita bomba, akapita nyumba za kijivu. Alipofika mbele ya nyumba ya Fundi, akasimama. Fundi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mama aligeuza kichwa pole pole huku na huku, kama mtu anayetega sikio. Akainua mguu kuelekea mlango wa Fundi.

Kaka alivuta pumzi atamke kitu, nikambana mkono. Nilikuwa naomba, na sikuwa na maneno ila moja: Baba, Baba, Baba.

Mguu wa Mama ukarudi chini. Akasogea mbele, hatua ndogo, kisha za kawaida. Akafika usawa wa mlango wetu, akageuka kuukabili kama mtu aliyeitwa jina. Mguu wake ukapanda kizingiti cheupe bila kukitafuta. Sisi tukasogea pembeni. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, haukufungwa, lakini hakuusukuma kwa kiganja. Aligeuka akausukuma kwa kiwiko kilichofunikwa na shuka alilojitanda.

"Rangi bado mbichi," alisema akiingia. "Nani asiyejua? Nimeipaka mwenyewe."

Mtaa mzima ukalipuka. Mke wa Fundi alipiga kigelegele, na Fundi akakaa chini palepale vumbini. Kaka aliegemea fremu ya mlango kama mtu aliyeshushiwa gunia begani.

"Nani huyo ameegemea chokaa yangu?" Mama akauliza kutoka ndani.

Kaka aliruka. Bega lote la koti jeusi lilikuwa jeupe, na kwenye fremu palibaki pengo la ukubwa wa bega lake. Alijipangusa, chokaa ikahamia mkononi, kisha shingoni.

"Na hili nalo la nani?" Mama alikuwa amejikwaa kwenye sanduku.

"Ni... ni langu, Mama. Nililileta ili nguo zako ziingie humo."

"Zuri. Liweke juu ya kabati, nitatunzia mapazia."

Kaka alinitazama. Nilijiandaa kubishana, maana namjua. Lakini alirudi nje, akapima kwa macho kutoka kwenye kona hadi bombani, na kutoka bombani hadi kizingitini.

"Ingekuwa mizani," alisema polepole, "ningeipiga mhuri."

Akaingia ndani akalinyanyua sanduku, nikasikia likigonga juu ya kabati. Aliporudi alikuwa amevua koti na anakunja mikono ya shati.

"Lakini hii chokaa haifiki hata wiki ijayo. Nitaleta nyeupe ya mafuta, ya kopo."

"Lete," Mama alisema, akitafuta kibiriti cha jiko. "Na brashi uje na yako. Hii ya hapa ina mwenyewe."