Wageni wa Bura

Bura alipofariki, mwezi wa tatu, mwanawe Sulle alibaki na shida mbili: baba hayupo, na hakuna mtu wa kumtania. Ya kwanza hakuisema. Ya pili aliisema kila siku kwa mama yake, Fransiska, ambaye hakucheka.

Mtu kama Sulle hafai kufungiwa. Tangu shule ya msingi pale Tlawi mpaka alipomaliza kidato cha nne huko bwenini, kazi pekee aliyoifanya kwa bidii ni kuwavunja watu mbavu. Sasa nyumba yao ilikuwa katika meeta. Mwenye nyumba akifa, Wairaqw wengi wa milima ile huwaacha waliobaki wakae peke yao kwa muda: hawaingii kwa watu, watu hawaingii kwao, hata kibuyu hakiazimwi. Padre aliikemea desturi hiyo kila mwaka. Waumini walimwitikia vizuri sana, kisha wakirudi makwao wanaipita nyumba ya msiba kwa mbali kama kawaida. Maziwa na unga viliwekwa nje ya ua, mtu akakohoa na kuondoka. Wazee walishapanga kwamba Fransiska na mwanawe watatoka katikati ya mwezi wa sita.

Asubuhi ya nne baada ya maziko, Sulle alitoka uani kupiga mswaki akawakuta ndege. Hawakuwa wakitafuta chochote. Walikuwa wamejipanga juu ya ua: shomoro, chiriku, tetere wawili wanene, na yule mweusi mwenye tumbo jeupe anayetikisa mkia kama kuna ngoma anaisikia peke yake. Wote walikuwa wakiutazama mlango wa jikoni.

"Mama," alisema, "huku nje kuna mkutano. Mwenyekiti ni tetere."

Fransiska hakuinua kichwa kutoka kwenye moto. "Wanamsubiri baba yako."

Bura alikuwa mlinzi wa ndege katika mashamba ya ngano ya serikali, kule chini Hanang. Kila mwaka ngano ikianza kukomaa, lori lilimchukua, naye kwa miezi miwili mitatu alitembea katikati ya ngano akipiga debe, maana kwelea kwelea wakishuka pale kama wingu hawaachi kitu. Mavuno yakiisha, alirudi nyumbani na gunia la ngano ya kufagia ghalani, ile yenye mchanga. Hayo Sulle aliyajua. Kwa kuwa alikuwa bwenini, hakujua gunia lile lilikuwa la nani.

"Kila asubuhi anawamwagia hao," mama alisema. "Akiwa hayupo namwaga mimi. Kwangu wanafika pale kwenye jiwe, hawavuki. Kwake walikuwa wanakuja mpaka miguuni."

"Afukuze ndege Hanang, aje kuwalisha Tlawi?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, kule nawafukuza kwa mshahara, hapa naomba radhi."

Sulle akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akaurudisha mswaki mdomoni, maana utani ule ulikuwa mzuri kuliko wake wote, na mwenyewe hayupo wa kurudishiwa.

Kuanzia siku hiyo akashika zamu. Konzi mbili kila asubuhi. Tetere mkubwa akawa Mwenyekiti, mtikisa mkia akawa Katibu, na shomoro, kwa kelele zao, wakawa wajumbe. Aliwasimulia vichekesho vya bweni. Wakala, wakaondoka bila kupiga makofi. Kwenye jiwe walifika, hawakuvuka.

Akaangalia gunia. Lilibaki chini kabisa, kiasi cha debe moja. Konzi mbili kwa siku lingefika mpaka siku ya kutoka. Konzi tatu lisingefika. Alitaka lifike. Ungemuuliza kwa nini, angekujibu upuuzi. Aliona tu kwamba ndege hawa hawajapewa habari za msiba, na maadamu wanaendelea kusubiri, basi kuna mahali hapa duniani ambapo Bura bado yuko jikoni, anakaribia kutoka.

Mwezi wa tano, Hermani, mdogo wake Bura, alikuja akasimama ng'ambo ya ua na bahasha mkononi.

"Sulle! Hee, Sulle!"

"Shikamoo, baba mdogo!"

"Marahaba. Simama hapo hapo, usisogee. Imekuja barua ya mashamba ya ngano. Nakusomea."

"Si uiweke chini uondoke, nisome mwenyewe?"

"Aliyeipokea ni mimi." Hermani akakohoa, akainua sauti. "Kumbukumbu namba..."

"Ruka hiyo, baba mdogo."

"Siruki kitu cha serikali!"

Akaisoma yote, pamoja na muhuri. Mteremko wa pili, wanawake waliokuwa wakipalilia waliegemea majembe wakasikiliza. Barua ilisema nafasi ya marehemu Bura, mlinzi wa ndege, anaweza kuishika mwanawe. Lori litapita mwezi wa sita, siku ile ile ya kutoka meeta. Asipopanda, atachukuliwa mwingine.

"Miaka minne ya sekondari," Sulle alisema, "halafu nikawapigie ndege debe?"

"Kwani ulipata divisheni gani?"

"Baba mdogo, hilo nalo mpaka ng'ambo wasikie?"

"Divisheni ya nne!" Hermani akajibu mwenyewe, kwa sauti ile ile ya muhuri. Ng'ambo wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Sulle hakuipanga kabisa safari ya Hanang. Alichopanga ni ngano, na hiyo nayo ikamshinda. Jumapili ya Pentekoste, kengele ya kanisa ikisikika na wao hawaendi, aliwamwagia ndege konzi tano, eti ni sikukuu. Kuanzia kesho yake akawa anamwaga tatu, kwa sababu walikuja wengi. Zikiwa zimebaki siku tisa, alikung'uta gunia likatoa vumbi.

Asubuhi hiyo ndege walisubiri hadi jua likapanda, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Kesho yake wakaja nusu. Siku ya tatu alikuja Mwenyekiti na mwenzake, Katibu, na shomoro wachache wasio na pa kwenda.

Kulikuwa na ukungu, na baridi ile ya Tlawi inayoingia mpaka kwenye meno. Ndani, nguo za Bura zilikuwa zimefungwa kwenye kitenge, zisiguswe mpaka siku ya kutoka. Sulle alilijua sharti hilo. Akafungua, akatoa koti la kazi, akalivaa. Alijiambia ni baridi. Mkono ukaingia mfukoni ukakuta punje za ngano, nyingi, zimejikusanya kwenye pindo.

Akatoka, akazimwaga miguuni pake.

Mwenyekiti akashuka, akafika kwenye jiwe, akavuka. Wa pili akavuka. Shomoro wakafuata kwa vurugu, na Katibu akapanda juu ya buti la Sulle akatikisa mkia.

Nyuma ya Sulle mlango wa jikoni ukalia. Akajua mama amesimama pale na ameliona koti. Akangoja kugombezwa.

"Usigeuke," Fransiska alisema taratibu. "Ukigeuka watakujua."

Hakugeuka. Alisimama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Alimsikia mama akipenga kamasi kwenye kanga, mara mbili. Punje zilipoisha, ndege wakaruka.

Koti halikuzungumzwa. Ila kesho yake asubuhi, kwenye kizingiti, Sulle alikuta bakuli la mtama, na koti limekunjwa kando yake. Ulikuwa mtama wa mbegu. Ukafika mpaka siku ya kutoka.

Siku hiyo watu walijaa. Sulle na mama yake walinyolewa, wakaoga, wakashikwa mikono tena. Nguo za marehemu zikagawanywa, koti likawa la Sulle kihalali. Kwa kelele zile ndege hawakukanyaga. Saa nne lori likapiga honi, na dereva, Zubery, mtu wa Katesh, akaja kwa miguu mpaka uani.

"Shikamoo," Sulle alimwambia.

"Marahaba. Pole sana na baba. Unakuja, au nikamchukue mwingine?"

"Ile ngano ya kufagia ghalani, bado mnaruhusu mtu kuondoka nayo?"

"Gunia moja kila mlinzi, msimu ukiisha. Baba yako hakuwahi kuliacha lake. Tulimwita Mzee Kuku."

"Kwa nini?"

"Si alikuwa mfugaji? Alituambia ana kuku mia mbili."

Sulle akamtazama mama yake. Nyumba ile haikuwahi kuwa na kuku hata mmoja.

"Wameongezeka," alisema. "Nakuja."

Akavua koti akampa mama, akapanda nyuma ya lori. Lilipokuwa likipinda kilimani aliitazama nyumba yao. Fransiska alikuwa amelivaa koti, mikono yake imepotelea ndani, akiwasukuma wageni mmoja mmoja wahamie mbele ya nyumba, uani pabaki wazi.