Hotuba ya Siku za Giza

Mtu aliyekaa mjini miaka mingi husahau mwezi. Mayala alisahau, ndiyo maana alikuja kutuhutubia siku za giza.

Kwetu mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, upande wa Busisi, dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi. Siku hizo wanaume hukesha ziwani na taa, asubuhi hushusha dagaa, kisha hulala fofofo. Wanawake tunabaki mchangani tunaanika. Anayetaka kura za wanaume husubiri mbalamwezi, wakati hakuna anayevua. Lakini Mayala, aliyekuwa akiuza vipuri vya pikipiki mjini, Mabatini, na sasa amerudi kugombea uenyekiti wa kijiji, alipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akashika kipaza sauti asubuhi kweupe, na mbele yake tukawa wanawake peke yetu.

Hotuba haikuwa yetu. Akaisema hivyo hivyo alivyoikariri.

"Wanaume wenzangu!"

"Wamelala!" rafiki yangu Precious akamjibu, bila kuinua kichwa kwenye dagaa zake. Tukacheka.

Mayala hakucheka. "Nikichaguliwa, yule nesi Kokulinda hakanyagi tena mwaloni. Katoka kwao Bukoba huko, anakuja kuwawekea wake zetu vijiti mkononi waache kuzaa. Kijiji kisicho na watoto ni kijiji? Kina mama wenyewe hawavitaki!"

Mkono wangu ukasimama juu ya dagaa. Kijiti changu kilikuwa chini ya ngozi, mkono wa kushoto, na tulikuwa tunajua wawili tu, mimi na nesi. Mume wangu Masele hakujua. Mama yake, mayu Mhoja, ambaye alikuwa akigeuza dagaa karibu yangu kabisa, hakujua.

Nilipomzaa Tereza, mtoto wangu wa tatu, nilitokwa na damu tukiwa tunasubiri kivuko kwenda hospitali. Daraja la kuvukia ziwa lilikuwa bado nguzo tu. Mayu Mhoja alinipakata kichwa, akiniita jina langu nisilale. Baadaye nesi alisema mimba nyingine inaweza kuniua. Nikamweleza Masele, akasema mtoa watoto ni Mungu. Basi nikaenda kwa nesi peke yangu. Kijiti kile hukaa miaka mitatu, na changu kilikuwa kinaisha mwakani. Nesi akifukuzwa, nani angenibadilishia?

Mimi si mtu wa kusema. Hata kwenye kikundi chetu, neno langu humpa Precious anisemee.

"Kama yupo mwenye kijiti hapa, asimame tumwone!" Mayala akasema. Akangoja kidogo. "Mnaona? Hayupo! Nitakwenda kusema huko juu kwamba wanawake wa mwalo huu wamemkataa nesi wenyewe."

Nikasimama.

Nikapandisha mkono wa gauni mpaka begani.

"Ninacho mimi," nikasema.

"Wewe ni mke wa nani?"

"Naitwa Sabina."

"Nimeuliza mke wa nani!"

"Nimesikia. Na mimi nimekujibu."

Mtu akapiga kigelegele kifupi nyuma, akakikata.

"Mumeo anajua?"

"Hajui. Atajua leo, na nitamwambia mwenyewe. Lakini nilipotokwa na damu kivukoni, wewe ulikuwa Mabatini unauza plagi. Nesi ukimfukuza, mimba inayofuata utanibebea wewe?"

"Mambo ya uzazi anaamua kichwa cha nyumba!"

"Kichwa hakikutoka damu."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini mayu Mhoja hakucheka. Alikuja taratibu na fagio lake mkononi, na kicheko kikafa.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu Tereza alipoanza kutembea, mayu."

"Na mimi kila Jumapili nakuombea mjukuu mwingine."

"Najua, mayu. Nisamehe kwa kukuficha. Kwa kijiti siombi msamaha."

"Mfunze adabu huyo, mama!" Mayala akasema kutoka juu.

Mayu akamgeukia. "Huyu ni mkwe wangu. Nitamgombeza mimi, nyumbani kwangu. Wewe hukumshika alipokuwa anatutoka kivukoni. Shuka kwenye mtumbwi wangu."

"Mama, sijamaliza hotuba..."

"Shuka, baba. Mtumbwi huu umepakwa lami juzi tu, unatuharibia."

Akashuka. Kiatu kimoja kilibaki kimenata juu ya mtumbwi, akarudi kukibandua mbele yetu sote.

Hakuna mwingine aliyesimama. Siwalaumu. Mayu alinigombeza kweli, njia nzima mpaka mlangoni kwangu, na kuingia hakuingia; kumwambia Masele aliniachia mimi.

Masele alipoamka jioni nilimwekea ugali, nikamwambia kabla hajanawa.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilikuambia alivyosema nesi. Ulinijibu nini?"

Akasogeza ugali kando. "Mwalo mzima umejua kabla yangu."

"Ndiyo. Hilo ni kosa langu."

"Basi kikatolewe."

"Hapana."

Sikuwahi kumjibu hivyo tangu anioe. Alichukua taa yake akaenda ziwani bila kula. Ugali nikala na watoto, maana ulikuwa bado wa moto.

Siku za giza zilizobaki tulipishana tu mlangoni. Mbalamwezi ilipoanza, nesi Kokulinda alikuja kuhudumia mwaloni, na Masele alikuwa amekaa uani anashona nyavu. Uchaguzi ulikuwa bado. Mayala alikuwa ameshafanya mikutano mingine miwili, safari hii wanaume wakiwa macho, na walimpigia makofi. Angeweza kushinda.

Precious alikuja kwangu asubuhi hiyo, akanivuta pembeni. "Kinauma?" akanong'ona.

"Kidogo. Kuzaa kunauma zaidi."

"Nisindikize basi."

Nikafunga khanga. Masele akainua macho.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa nesi. Namsindikiza Precious. Na changu nitamwomba anibadilishie leo leo, kabla hamjapiga kura."

"Hatujapiga," akasema. "Na wewe unapiga."

"Na mimi napiga," nikasema, nikatoka.