Sheria ya Vumbi

Upepo wa khamsini, ule wa joto uletao vumbi la jangwani, ulipovuma Kairo, watu walifunga madirisha. Daktari Inshirah Qallini alipanda juu ya paa la kitivo chetu, mtandio umemfunika pua, na mimi Wahba, fundi wa maabara, nyuma yake na mirija na waya za shaba. Kwa misimu sita, kuanzia mwaka wa 1958, alipima umeme uliomo katika vumbi. Wenzake walimtania kwamba anapima takataka. Mwishowe akagundua kwamba chembe ndogo hubeba umeme hasi na kubwa hubeba chanya, na kanuni yake akaiandika kwa mstari mmoja tu. Siku hiyo alinunua sahani mbili za koshari, tukala sakafuni, akicheka mdomo umejaa.

Ripoti akampa mkuu wa idara, Profesa Tharwat Bisari, aisome. Profesa akaenda nayo kwenye mkutano wa wanasayansi Paris. Aliporudi, magazeti yaliandika habari za Sheria ya Bisari.

Inshirah alimfuata ofisini. Nilikuwamo, natengeneza feni. Profesa hakukana. Alimwagizia chai, akamwita "binti yangu," akamweleza kwa upole kuwa sifa ni ya nchi nzima.

"Ningepeleka jina la msichana asiyejulikana, nani angefungua jalada hilo?"

"Wangelifungua, Profesa. Kilichomo ndani ndicho walichokupigia makofi."

Chai hakuigusa. Alipolalamika kwa wakubwa, aliambiwa asiwavunjie heshima walimu wake. Madaftari alikuwa nayo. Hakuna aliyetaka kuyaona. Nami niliyejua yote nilinyamaza. Nilikuwa na watoto wanne na kazi moja.

Profesa alikufa, akazikwa kwa heshima zote. Miaka tisa baadaye Inshirah aliandika makala mpya, akiomba uprofesa. Ikarudishwa. Mkaguzi, kijana aliyesomea vitabu vya Bisari, alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu kuwa mwandishi ameiba wazo la marehemu bila kumtaja.

Alinisomea maneno hayo mara mbili.

"Utafanyaje, Daktari?"

"Nina miaka hamsini na mbili, ami Wahba. Nitamtaja."

Akaliandika jina la Bisari chini ya ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko safi, pamoja na tarehe ya mkutano wa Paris. Cheo akapewa mwezi uliofuata. Wenzake wakaleta keki ya basbusa maabara. Mmoja akasema marehemu angefurahi kuiona siku hii.

Inshirah akakubali kwamba angefurahi sana, akaendelea kuwakatia.