Jeneza Moja, Mtabanana

Walimu walinyang'anywa simu na polisi Jumanne. Alikuwa anatafutwa aliyesambaza picha ya darasa lililoezuliwa na upepo. Pale kituoni Newala simu ya Mwalimu Stefano ilichomekwa kwenye kompyuta, ikatapika hata alivyofuta mwaka juzi. Picha haikuwemo. Ulikuwemo ujumbe kwa Fortunatus, dereva wa gari la serikali: "Jumamosi ukimleta bosi wako Newala, tunawazika wote. Jeneza moja, mtabanana."

"Huyo ni mtani wangu, afande," Stefano alisema. "Utani tumerithi kwa babu zetu, kijijini Lupaso. Mwiteni aseme mwenyewe, niende nyumbani. Na simu yangu mmeifungua kwa kibali cha nani?"

"Sheria inaniruhusu," alijibu mpelelezi, ambaye hakuwa na mwezi tangu ahamie huku. "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?"

"Naogopa msomaji asiyejua anachosoma."

Kofi lilimjaza damu mdomoni.

Fortunatus alifika kutoka Masasi saa nane mchana. Alimkuta mtani wake sakafuni, pekupeku, mashavu yamevimba. Watani hawaachi hali kama ile ipite hivihivi.

"Unamfahamu huyu?" mpelelezi aliuliza, kalamu mkononi.

"Mwizi wa kuku huyu. Ananitafuta aniue tangu tuko wadogo. Mfungeni, afande, ufunguo mtupe kisimani."

Stefano alicheka kwa mdomo uliopasuka. "Utatangulia wewe, mbwa."

"Umemsikia?" Fortunatus alisema, naye akicheka.

Mpelelezi alikuwa ameandika yote. Akamgeuzia karatasi. "Saini."

Kicheko cha Fortunatus kilikatika. "Afande, ule ulikuwa utani. Huyu ni ndugu yangu, hajawahi kumgusa mtu."

"Basi umewadanganya polisi. Lete na simu yako tuifungue. Au nianze kumpigia bosi wako?"

Fortunatus aliibana simu yake mfukoni. Humo mlikuwa na majibu yake yote kwa Stefano, miaka mitano, na yote aliyowahi kusema kuhusu bosi.

Alisaini.

"Ameshaniuza huyo," Stefano alimwambia askari aliyekuwa akimnyanyua. Alikuwa bado anatabasamu. "Ngoja umwone. Hawezi kutoka humu bila kunitukana."

Fortunatus alichukua kofia yake mezani, akatoka bila kumtukana.