Aliyejidunga Mwenyewe

Mshona mapazia alipoanza kuugua, aliyekuwa akimdunga sindano ni mumewe. Daktari alikwisha kuwaeleza kwamba kinga ya mwili wake imemgeuka, inatafuna utando wa mishipa ya fahamu. Dawa haitamponya, ila itauzuia ugonjwa usizidi. Mikono ya mke ilitetemeka, basi mume, dereva wa lori waliyemwita Nondo kwa ubavu wake, akaibeba kazi hiyo. Majirani wakamsifu. Hawakujua kwamba dawa ilikaa kwenye friji ndani ya kisanduku chenye kufuli, na ufunguo alitembea nao Nondo.

Nondo akichukizwa, dawa haitoki. Mke alipokwenda kumwona dada yake bila ruhusa, kisanduku hakikufunguliwa mpaka jicho la kushoto likaingia ukungu na mguu ukaanza kuburutika.

Ndipo dada mtu akamshika mkono hadi kliniki. Muuguzi akamfundisha kubana nyama ya paja, kuchoma, kusukuma taratibu. Dawa ikawa inawekwa kwa dada. Siku alipojidunga mwenyewe alilia, kisha akacheka kama aliyepagawa.

Nondo akaja kuligundua kopo la sindano zilizotumika ndani ya mkoba wa mkewe. Akamfuata chumba cha kushonea, akafunga mlango.

"Nani amekufundisha?"

"Najidunga mwenyewe."

Kofi lilimtupa juu ya cherehani, meno mawili yakatoka. Nondo akamwaga sakafuni sindano mpya zilizokuwamo mkobani, akazisaga kwa buti. Kisha akaugeukia ule mguu mbovu, akaupiga teke, akarudia, akisema kwa sauti ya chini kwamba asiye na miguu haendi kokote. Mke aliusikia mfupa ukilia. Akatambaa chini ya meza, akauvuta waya wa pasi iliyokuwa ya moto, na mume alipoinama kumburuta kwa nywele, akamkandamiza nayo shavuni kwa mikono yote miwili. Mikono ilitetemeka, lakini haikuachia. Nyama ikaungua. Nondo akabweka, akampiga ngumi kifuani, ya pili ikampata kooni, naye hakuitoa pasi mpaka dada, aliyekuwa amekuja kumtembelea, na mafundi wa jirani walipovunja mlango.

Mama mkwe alikuja hospitali na kanga mpya na maneno laini. Alimsihi aifute kesi aliyomfungulia Nondo.

"Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite."

"Mama, nimelifunika miaka yote. Mwanaharamu hapiti, amehamia ndani."

Bibi kizee akainuka, akaondoka na kanga yake.

Nondo alifungwa. Mguu haukupona sawasawa, na jicho lina ukungu mpaka leo. Mshona mapazia anaishi kwa dada yake. Kisanduku kile alikivunja kwa nyundo, na wateja wakimwuliza habari za fimbo anayotembelea, huwaambia ukweli wote, bila kuacha kushona.